Mdundo wa Safu ya Nyuma

Babu yangu mzaa baba alikuwa mgonga kengele wa kiwanda cha kusokota kamba, na katika utumishi wake wote hakuna kibarua aliyepata kukatwa ujira kwa sababu kengele ilichelewa. Mwanawe, ndiye baba yangu, alipiga ngoma kubwa katika bendi ya shaba ya mji, akaiongoza bendi hiyo hadi magoti yalipomkatalia. Nami nilifundisha bendi ya shule ya wavulana, kisha ya wasichana, nikastaafu kwa heshima. Miongoni mwa wanafunzi wangu wamo mahakimu, wauguzi na mafundi bomba. Yumo pia mwizi mmoja, na nasikia hata huko gerezani husifiwa kwa mwendo wake. Nayataja haya mwanzoni ili msomaji ajue anasimuliwa na mtu wa ukoo gani.

Katika nyumba yetu ngoma ilikuwa na sheria moja. Mkono hupiga wakati unyayo ungali hewani, umekaribia ardhi lakini haujaigusa. Mgeni akisimama karibu na mpiga ngoma husema, mzee huyu ana pupa. Lakini sauti nayo husafiri. Bendi ikiwa ndefu, mlio uliotoka mbele humfikia yule wa nyuma kabisa ukiwa umechelewa kidogo, naye huteremsha mguu pale anapousikia. Kwa hiyo baba alipiga mapema, kwa kiasi cha kumtosha mtu wa safu ya nyuma, ambaye aghalabu huwa mtoto mfupi mwenye matoazi. Sisi tuliokuwa mbele tulifunzwa kuliacha pigo litupite, ndipo tukanyage. Hapo bendi yote ilitua kwa mguu mmoja. “Nampigia yule nisiyemwona,” ndivyo baba alivyozoea kusema.

Sasa niingie katika kisa chenyewe, ingawa kukisimulia kunanichosha.

Mjukuu wangu, binti wa binti yangu, tumemwita Chiriku tangu utotoni kwa kuwa hanyamazi. Yeye alipata kazi katika kampuni inayotengeneza michezo ya video. Kampuni hiyo ilikuwa ikiandaa mchezo wa mdundo: muziki unapigwa, vikatuni vinatembea au kuruka kwenye skrini, na mchezaji hubonyeza kitufe kwa wakati unaotakiwa. Akiwahi au akichelewa, vikatuni hujikwaa na kumkodolea macho. Hakuna adui wa kuuawa, na hilo ndilo lililonifanya niuvumilie. Mchezo ulikuwa utoke kwa matoleo mawili, la hapa nyumbani na la ng’ambo, ambako kampuni moja kubwa ilikuwa imekubali kuuza.

Chiriku alikuwa na mkataba wa muda tu. Walimweleza bayana kwamba akitunga ngazi moja, yaani sehemu moja ya mchezo, na ngazi hiyo ikaingia katika mchezo uliokamilika, ataajiriwa moja kwa moja. Isipoingia, mkataba ukifika mwisho, arudi nyumbani. Binti yangu ni mjane, mimi nategemea pensheni, na Chiriku ndiye tuliyekuwa tukimtazamia. Hivyo aliponijia sebuleni na kompyuta yake kwapani, nilizima redio.

“Babu, nataka gwaride.”

“Gwaride la nani?”

“La mabata.”

“Mabata.”

“Safu ndefu ya mabata. Mbele yao bata mzee, ana ngoma kifuani na fimbo kwapani. Anayebonyeza kitufe ndiye anayepiga ngoma. Kama wewe, Babu.”

“Mimi ni bata?”

“Bata mwenye heshima zake.”

Mama yake akasema kutoka jikoni, “Muulize, huyo bata naye hugombana nami kwa chumvi ya mboga kila siku?”

Nilikubali. Ngoma ya baba ipo chini ya kitanda changu, imevishwa shuka, na ngozi yake naikagua kila mvua zinapokwisha.

Siku ya kurekodi tulipokewa na fundi wa sauti, kijana mpole ambaye wenzake walimwita Miwani, na kwa kweli miwani yake ilikuwa na vioo vinene kama vitako vya chupa. Alinionyesha kiti kidogo katikati ya chumba kilichobandikwa sponji kuta zote.

“Kaa hapa, mzee wangu. Tutarekodi ngoma peke yake. Miguu tutairekodi siku nyingine, halafu nitavipanga.”

“Miguu ya nani?”

“Ya yeyote. Ni kishindo tu tunachotaka.”

“Mimi hutembea na miguu yangu,” nikamwambia. “Sijawahi kuiacha nyumbani.”

Alicheka, nami sikucheka, akaacha. Nilidai ubao sakafuni, nikavaa buti zangu za bendi, nikasimama nikaitundika ngoma, na yeye akaweka maikrofoni moja mbele yangu. Nikatembea papo hapo nikipiga, kama nilivyolelewa. Pigo na buti vikaingia katika kurekodi kumoja. Miwani alijaribu kunieleza kwamba kwa njia hiyo havitatenganishika tena. Nikamjibu kwamba havikupata kutenganishwa tangu enzi ya baba yangu. Jambo hilo ndilo lililotufikisha tulikofika, na hata leo sioni kwamba nilikosea.

Chiriku akaijenga ngazi yake juu ya ngoma hiyo. Kila pigo langu lilikuwa alama, na mchezaji alitakiwa kubonyeza palepale nilipopiga, mguu wa bata ungali juu. Alinipa kidude cha kuchezea, chenye vitufe, nijaribu. Vidole vyangu vina baridi yabisi, lakini mabata hawakujikwaa hata mara moja. Binti yangu alijaribu, akawaangusha wote, akasema wamezoea kuangushwa.

Baada ya hapo ngazi ilipelekwa ng’ambo kwa majaribio.

Siku Chiriku akirudi nyumbani kimya, mama yake humgusa paji la uso. Siku hiyo alimgusa, akakuta halina joto, akatuachia sebule.

“Wanasema ngoma ina kosa, Babu.”

“Nani wanaosema?”

“Wapimaji. Watu wanaolipwa kucheza mchezo kabla haujatoka.”

“Wapo watu wanaolipwa kucheza?”

“Wapo.”

“Na bado hawajui kucheza.”

Alitabasamu kidogo, kisha akaeleza. Kampuni ya ng’ambo ilikuwa imetaka mambo mengi yabadilishwe katika toleo lao. Bata mzee aondolewe fimbo apewe bendera, kwa sababu huko fimbo ya mwalimu haichekeshi mtu. Apunguzwe kitambi. Wimbo wa kumalizia gwaride uimbwe kwa lugha yao; na kwa kuwa maneno yao yalikuwa mafupi kuliko yetu, nafasi zilizobaki zijazwe filimbi. Yote hayo niliyameza, hata la kitambi. La mwisho ndilo lililonikwama: pigo lisogezwe hadi pale unyayo unapogusa ardhi. Mchezaji aone mguu umetua, asikie ngoma, abonyeze. La sivyo gwaride litolewe katika mchezo.

“Si walisogeze wenyewe kwa mashine zao?”

“Haiwezekani. Buti zako zimo mlemle. Ukilivuta pigo, na buti linafuata. Miwani anasema ni kama kutoa maziwa kwenye chai.” Akatazama mikono yake. “Wanataka urekodi upya. Upige mguu unapotua.”

Hakunibembeleza. Angenibembeleza ningekataa, na nadhani alilijua hilo. Alikusanya vikombe akaenda kuviosha, mimi nikabaki nikiisikiliza redio iliyokuwa imezimwa.

Nilikwenda. Lifti ya jengo lao ilikuwa imebandikwa karatasi kwamba haifanyi kazi, na ofisi ilikuwa juu kabisa. Chiriku alibeba ngoma, nami nilibeba buti mkononi, nikipumzika kila ngazi zilipopinda. Msimamizi wa kazi alitupokea mlangoni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Pole na ngazi. Naona aibu hata kukuita.”

Alinipa kiti chenye magurudumu, kikanikimbia, akakishika mgongo mpaka nikakaa. Kisha akasema jambo lililonituliza. “Toleo la hapa nyumbani litabaki na ngoma yako ya kwanza, kama ulivyoipiga. Hii ya leo ni ya ng’ambo tu. Kila watu na yao.”

Tukapeana mkono. Kwetu mkono ukishatolewa, maneno yamekwisha.

Nikavaa buti, nikapanda juu ya ubao, nikaanza. Nilijiambia: ngoja mguu utue, ndipo upige. Jambo rahisi kabisa kulisema. Mkono ukanitangulia. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikaanza tena, nao ukanitangulia tena. Nilijaribu kuyafumba macho. Nilijaribu kuhesabu kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wagumu. Nilijaribu kupiga kwa mkono wa kushoto, ambao haukusomeshwa sana, na wenyewe ukawa na pupa ileile.

“Bado inawahi, mzee wangu,” Miwani akasema kwenye spika.

“Kwa kiasi gani?”

“Kiasi kilekile.”

“Kilekile kila mara?”

“Kila mara. Hata mashine hapa zinayumba kuliko wewe.”

Nililipokea kama sifa, ila nilikuwa peke yangu katika kulipokea hivyo. Nyuma ya kioo cha ukutani, walikokaa wao na mashine zao, msimamizi alikuwa amejishika shavu, na Chiriku alikuwa akiitazama sakafu. Jasho lilinishuka hadi ndani ya kola. Magoti yaliyomkatalia baba yalikuwa yameanza kunikatalia mimi, na nilijua fika kwamba nikishuka kwenye ubao ule, gwaride limekwisha, na kazi ya mtoto imekwisha.

Mlango ukafunguliwa, Chiriku akaingia. Akanivua mkanda wa ngoma begani taratibu, kama mtu anayemvua koti mgonjwa.

“Babu, wewe tembea. Nitapiga mimi.”

Nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo, kwa kopo la biskuti na vijiko viwili, kwa sheria ya nyumba yetu. Sasa alisimama kando yangu na ngoma ya baba yangu kifuani, akaniangalia miguu. Nikaanza kutembea papo hapo. Naye akapiga, kila pigo juu ya unyayo uliotua, bila kutetereka. Nilijisikia kama mtu anayesalimiwa akiwa ameshapita. Kila hatua nilitamani nisimame, na kila hatua niliinua mguu mwingine, maana kazi ilikuwa yake na buti zilikuwa zangu.

Walipomaliza kusikiliza, Miwani alinyanyua dole gumba. Msimamizi alinishukuru kwa mikono miwili.

Tukashuka. Kwenye kona ya kwanza Chiriku akauliza, “Umekasirika, Babu?”

“Nimechoka.”

“Umekasirika.”

“Nimechoka hata hasira imekosa pa kukaa. Shika ngoma vizuri, unaigonga ukutani.”

Ajira aliipata. Mama yake alilia jikoni kwa namna yake, yaani alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Kisha mchezo ukatoka. Chiriku akauleta nyumbani, akaufunga kwenye televisheni, akaanza kutuonyesha ngazi za watu wengine: mafundi seremala wanaokata mbao kwa zamu, wapishi wanaorushiana vitunguu, mwanamke anayefua na povu linalocheza. Alizungumza mfululizo, kama kasuku aliyekunywa kahawa.

“Mabata,” nikasema.

“Tumalizie hii ya vitunguu kwanza, Babu.”

“Mabata, Chiriku.”

Akayaweka. Bata mzee akatokea, ana kitambi chake na fimbo yake kwapani, kwa hiyo nilijua kwamba lile ni toleo la nyumbani. Gwaride likaanza. Buti zilikuwa zangu. Pigo lilikuwa lake.

Mabata wakatembea mpaka wakatoka upande wa pili wa skrini.

“Hii ni ya ng’ambo,” nikasema, ingawa nilikwisha kuiona fimbo.

“Ni ya hapa.”

“Nilipewa mkono.”

“Ulipewa, na alikuwa anamaanisha. Ila wapimaji wa hapa nao walishindwa, Babu. Tuliwaita vijana wa mitaa hiihii. Walishindwa kuliko wale wa ng’ambo.”

“Kuliko?”

“Kuliko. Wale angalau walisoma maelekezo.”

Binti yangu akasema, “Baba, chai inapoa.”

“Tangu lini umejua?” nikamuuliza Chiriku.

“Kabla mchezo haujatoka.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambiaje? Nilikuwa nakuja na maneno tayari, nikifika mlangoni nakuta umeshanifungulia.”

Niliitazama skrini. Bata alikuwa amesimama akipepesa macho, akingoja mtu abonyeze. Ng’ambo alikuwa na bendera, hapa alikuwa na fimbo. Tofauti yote kati yetu na wao ilikuwa imebaki kipande cha mti. Kwa miaka mingi nilidhani kwamba mdundo wetu umo katika miguu ya watu wa hapa, hata wale ambao sikuwafundisha. Kwamba wanauchukua hewani tu, kama wanavyochukua lugha. Kumbe haukuwamo. Ulikuwa katika nyumba moja, na katika nyumba hiyo, katika mkono mmoja wenye baridi yabisi.

“Ile ya kwanza mliitupa?”

“Haikutupwa. Imo ndani.”

“Ndani ya nini?”

“Ya mchezo. Mchezo ukikaribia kwisha hakuna anayethubutu kunyofoa kitu. Ukitoa hiki, kile kinaanguka, na hujui kwa nini. Kwa hiyo vilivyokataliwa huachwa humohumo, ila hakuna njia ya kuvifikia. Ni kama chumba kilichozibwa mlango. Gwaride lako lipo zima, Babu, na alama zake zote. Katika matoleo yote mawili.”

“Limo, ila halisikiki.”

“Ndiyo.”

Nikanywa chai yangu. Ilikuwa imepoa kweli. Nikaenda chumbani, nikaivisha ngoma shuka, nikaisukuma chini ya kitanda zaidi ya ilivyokuwa. Tangu hapo mchezo ule sikuuulizia tena, na Chiriku, ambaye sasa alikuwa amepanga chumba karibu na kazi, alipokuja kutusalimia alizungumza juu ya bei za vitu na ndoa za watu.

Mvua zilikuja zikaisha. Ngozi ya ngoma sikuikagua.

Jioni moja akaja na simu mkononi, amenyamaza. Mama yake akamgusa paji la uso.

“Wameipata,” akasema.

Akanieleza kwamba wapo watu duniani ambao starehe yao ni kuchimba michezo. Huufungua mchezo kama fundi anavyofungua redio, wakatafuta vitu vilivyoachwa ndani na wenye kuutengeneza. Hulinganisha toleo la nchi hii na la nchi ile, wakahesabu tofauti, wakazitangaza. Walikuwa wamekwisha kuona habari ya fimbo na bendera, na ya kitambi, na ya filimbi. Sasa wakakizibua na kile chumba. Gwaride langu lilikuwa mtandaoni, watu wakijaribu kulicheza, mabata wakianguka kama kuni. Walikuwa wamelipa jina: Gwaride Bovu.

“Wanasemaje?”

“Acha tu, Babu.”

“Soma.”

Akasoma, akiyatafsiri maoni ya watu wa ng’ambo. Mmoja aliandika kwamba mpiga ngoma alikuwa na basi la kuwahi. Mwingine, kwamba alilewa. Mwingine, wa hapahapa kwa maandishi yake, kwamba bata huyo apelekwe kupimwa masikio. Katika maisha yangu kileo hakijapita kooni.

“Na kazini wanasemaje?”

“Msimamizi ameniambia nijibu kwa niaba ya kampuni, kwa kuwa ngazi ni yangu. Niandike kwamba ilikuwa rasimu, ina kosa la kurekodi, tulilirekebisha.”

“Basi andika.”

Akaniangalia kana kwamba hakunisikia.

“Andika hivyo wanavyotaka,” nikasema. “Una kazi. Mama yako amelala vizuri mwaka huu. Mimi nimechoka kubishana na watu ambao hawajui hata kama nipo. Sema ilikuwa kosa, watalisahau kesho.”

“Wewe ndiye unayesema hivyo, Babu?”

“Mimi ndiye.”

Alikaa ukingoni mwa kochi, akaandika kwa vidole gumba viwili, akafuta, akaandika. Hakunisomea. Alipomaliza aliiweka simu kifudifudi mezani akaomba chakula.

Niliyasoma maneno yake baadaye, kwa simu ya binti yangu. Yalikuwa machache. “Hakuna kosa la kurekodi. Ngoma hii ilipigwa na babu yangu, kwa mtindo wa baba yake. Pigo linatangulia mguu kwa sababu amempigia mtu wa safu ya nyuma, ambaye sauti humfikia ikiwa imechelewa. Tuliiondoa kwa kuwa katika sebule hakuna safu ya nyuma.”

Msimamizi alimwita. Alimwambia kwamba alitumwa kujibu swali, hakutumwa kuandika wosia wa ukoo, na kwamba afadhali kampuni ya ng’ambo haisomi lugha yetu. Siku kadhaa Chiriku alikwenda kazini akitarajia barua ya kufukuzwa. Kumbe ng’ambo walisoma. Hawakukasirika wala hawakufurahi. Waliuliza tu kama kuna gharama yoyote, wakaambiwa hakuna, wakanyamaza. Ngazi haikurudishwa katika mchezo. Mpaka ninapoandika haya haijarudishwa, na sidhani kama itarudishwa.

Lakini kuna mwalimu mmoja, katika nchi ambayo mimi sijui hata salamu yao, aliyasoma maneno ya Chiriku yakiwa yametafsiriwa, akayachukulia kama mwalimu anavyotakiwa. Aliweka spika mbele ya uwanja wa shule yake, akawapanga watoto katika safu ndefu kuelekea mwisho wa uwanja, akawaambia wakanyage wanaposikia ngoma. Yeye akasimama kando ya spika na simu yake, akachukua video. Chiriku alinionyesha kwenye skrini kubwa.

Safu za mbele zilikuwa vurugu. Walikanyaga mara tu ngoma ilipolia, na buti zangu zikawafuata nyuma kama mzee anayewaita. Walikuwa wakicheka na kugongana. Nikaanza kuinuka niende zangu.

“Angalia nyuma, Babu,” Chiriku akasema.

Mwisho wa safu, mbali, walikuwamo watoto wadogo ambao wale warefu walikuwa wakiwaziba. Palikuwa na msichana mmoja mfupi, soksi yake moja imeporomoka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anasikiliza. Mguu wake ulishuka, na pale uliposhuka ndipo buti langu lilipolia kwenye spika, kwa pamoja, kama vile nilikuwa nimemshika mkono. Ukashuka mwingine, buti likalia. Ukashuka mwingine.

Mbele, mtoto mmoja aligeuka kutazama nyuma. Kisha naye akaliacha pigo limpite, ndipo akakanyaga. Video ilikatika hapo, wengine wangali wakisukumana.

“Niirudie?” Chiriku akauliza.

“Rudia.”

Akairudia. Mama yake alitoka jikoni na kitambaa mkononi akasimama nyuma ya kiti changu, asiseme habari ya chumvi. Vidole vyangu vilikuwa vikigonga mkono wa kiti, na sikuvizuia. Vilikuwa vinawahi, kwa kiasi kilekile. Nilichoka siku ile kama nilivyochoka siku nyingine zote, kwa kuwa uchovu wa umri wangu hauondolewi na habari njema. Lakini kabla ya kulala niliivuta ngoma kutoka chini ya kitanda, nikaivua shuka, nikaipitishia kiganja juu ya ngozi. Inahitaji kukazwa. Nimemwambia Chiriku aje na kamba mpya.

Basi nyinyi vijana, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, mnaokaa karibu na spika na kuhukumu kwamba aliyepiga kabla ya mguu wenu amekosea, nataka mnisikilize. Inukeni kwenye makochi. Nendeni mwisho wa uwanja, msimame pale aliposimama yule mtoto wa soksi, mfunge midomo, mtege masikio. Mkishasikia, ndipo mrudi mbele mniambie kama ngoma ile ina kosa. Na ambaye hataki kwenda, asinyanyue mkono kuuliza swali.